Nabongo Mumia wa Wanga, Mwenyeji wa Misafara

Katika nchi zilizo baina ya Ziwa Viktoria na Mlima Elgon wametawala watu wengi wenye sifa, lakini ni wachache waliotajwa na wasafiri kama alivyotajwa Nabongo Mumia bin Shiundu. Tangu Mombasa na Pangani hata mipaka ya Busoga, kila aliyefunga safari ya bara kwa njia ya kaskazini aliambiwa mapema kuwa akisalimika katika nchi ya Wamasai na kufika Kwa Mumia, basi atapata chakula, atapata mahali pa kulala, na moyo wake utatulia. Jina hilo la Kwa Mumia ndilo lililoandikwa katika ramani, hata mji wenyewe, ambao kwa asili waitwa Elureko, ukajulikana ulimwenguni kwa jina la Mumias.

Waislamu wa Busia na Tororo wana sababu yao ya peke yao ya kumkumbuka mtu huyu. Dini iliwafikia watu wa pande hizi kwa njia mbili: moja ilitoka magharibi, katika Buganda, na ya pili ilitoka mashariki, pwani, ikapitia katika ua wa Nabongo. Njia hiyo ya pili haikufunguliwa kwa upanga wala kwa amri ya dola yoyote. Ilifunguliwa na mwenye nyumba aliyewaambia wageni waingie ndani.

Mumia alizaliwa yapata mwaka 1850 katika ukoo wa Nabongo, yaani wafalme wa Wanga. Ukoo huo wenyewe una habari ya ugeni katika asili yake. Masimulizi ya Wawanga husema kuwa babu yao, Wanga, aligombana na ndugu yake katika nchi ya Tiriki, akaondoka akaja mpaka Imanga, akapokewa nyumbani kwa mtawala mmoja aliyeitwa Muhelia. Alikaa pale kama mtu asiye na kwao, akifanya kazi za mkono kama mtumishi yeyote, mpaka ilipofahamika kuwa ni mtoto wa watawala. Mwisho wake yule mgeni ndiye aliyerithi nchi, na mwenyeji akatoka. Habari hii husimuliwa kwa fahari, lakini ndani yake mna onyo, na msomaji atafanya vema kuikumbuka atakapofika mbele katika maisha ya Mumia.

Baba yake, Shiundu, alikuwa mtu wa vita na wa siasa. Nchi yake ilizungukwa na majirani waliokuwa wakimpiga na kupigwa naye: Wabukusu upande wa kaskazini, Wateso upande wa magharibi kuelekea Tororo, Wajaluo wa Ugenya upande wa kusini. Desturi ya nyumba ile ilikuwa kuwakaribisha watu wa mbali ili wawe mkono wa pili. Ndivyo Wamasai wa Uasin Gishu, walipovunjwa na Wamasai wenzao, walivyopata maskani katika nchi ya Wanga wakawa askari wa Nabongo. Na ndivyo Waarabu na Waswahili wa kwanza walivyopokewa na Shiundu walipofika kutafuta pembe za ndovu.

Inafaa kueleza kidogo safari hiyo ilikuwa safari ya namna gani, kwani watu wa leo, ambao hupanda gari asubuhi Mombasa na kulala Busia, hawawezi kukisia thamani ya mlango uliofunguliwa wakati ule. Msafara uliondoka pwani na mamia ya wapagazi, kila mtu na mzigo wake kichwani au begani: merikani na kaniki, ushanga wa rangi mbalimbali, waya za chuma na za shaba, baruti. Ulipita nyika isiyo na maji, ukaingia nchi ya Wamasai ambako hongo ilidaiwa kila kituo, ukapumzika Baringo, ukapanda na kushuka milima. Miezi ilipita. Watu walikufa kwa kiu, kwa njaa, kwa homa, kwa ndui, kwa mkuki. Wale waliobaki walipoyaona mashamba ya Kavirondo, mtama, wimbi na ndizi, na kuku wengi, walikuwa kama waliofika peponi. Chakula kilikuwa rahisi kwa kadiri ambayo mzigo mmoja wa ushanga uliweza kuulisha msafara kwa siku nyingi.

Ama mji wa Elureko ulikuwa karibu na Mto Nzoia. Kama miji mingine ya nchi zile, ulizungushiwa ukuta wa udongo na handaki. Msafara ulipofika ulitoa habari kwa Nabongo, zawadi zikapelekwa, naye akaonyesha mahali pa kupiga kambi au nyumba za kukaa. Wafanyabiashara hawakukaa siku tatu, ambazo ndizo haki ya mgeni katika sheria yetu. Walikaa miezi, na wengine mwaka mzima, wakituma watu wao Elgon na mahali pengine kununua pembe, huku shehena na wagonjwa wao wakibaki Elureko chini ya amana ya mwenyeji. Hapo pana jambo la kutazamwa. Mtu anaweza kumpa mgeni chakula kwa sababu ana chakula kingi. Kumwekea mali yake mwaka mzima katika nchi isiyo na kadhi wala polisi, na mgeni akirudi aikute, hilo ni jambo la namna nyingine.

Shiundu alifariki mwaka 1882, na Mumia akashika ufalme. Mwaka wa pili tu wa utawala wake, mwisho wa mwaka 1883, alifika Joseph Thomson, msafiri wa Kiskochi aliyetumwa na Chama cha Jiografia cha London, akifuatana na Jumbe Kimameta, tajiri wa pembe wa Pangani ambaye alizijua njia hizo kuliko Mzungu yeyote. Thomson alikuwa ameelezwa habari za Kwa Sundu, yaani kwa Shiundu, naye alipofika akamkuta mwana amekalia kiti cha baba. Wasomi wa Ulaya wameandika mara nyingi kuwa Thomson ndiye aliyeifungua njia hiyo. Ukweli ni kuwa aliikuta iko wazi, na mtu aliyemwongoza alikuwa Mswahili aliyekuwa akiifuata biashara yake. Thomson alipokelewa kama walivyopokelewa wengine, akaendelea hadi ziwani, akaugua, akarudi Elureko kupumzika kabla ya kushika njia ya Elgon na kurejea pwani.

Miaka miwili baadaye alikuja mgeni ambaye kuja kwake kulimtia mwenyeji katika hatari. Mwezi wa Oktoba 1885 alifika Askofu James Hannington wa Kanisa la Kiingereza, ametoka Rabai na wapagazi zaidi ya mia mbili, nia yake ni kuingia Buganda kwa njia ya mashariki. Hakufahamu, au hakutaka kufahamu, jinsi Kabaka Mwanga alivyokuwa akiiogopa njia hiyo, kwa kuwa watu wa Buganda waliamini kuwa adui atakayewanyang'anya nchi yao atatokea upande huo. Hannington aliwachagua watu hamsini, akawaacha waliobaki Kwa Mumia pamoja na William Jones, kasisi Mwafrika aliyeokolewa utumwani utotoni na kusomeshwa Bara Hindi. Kisha akapita nchi hizi ambazo leo ni Busia ya pande mbili za mpaka, akaingia Busoga. Kwa Luba alikamatwa, akafungwa, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa kwa amri ya Mwanga, na karibu watu wake wote wakauawa pamoja naye.

Wachache waliookoka walirudi mbio Elureko na habari hizo. Sasa Nabongo alikuwa na watu kama mia na nusu katika mji wake, watu wa bwana aliyekwisha kuuawa na mfalme mkubwa kuliko wafalme wote wa jirani. Hawakuwa na mkubwa wa kuogopwa, wala hawakuwa na uwezo wa kulipiza kisasi. Mtawala mwingine angeweza kuwauza, au kuwanyang'anya bunduki na nguo zao, au kuwatoa kwa Mwanga ili apate radhi yake. Mumia hakufanya hivyo. Jones na watu wake walikaa pale mpaka Desemba wakingoja kama pana mwingine aliyepona, ndipo wakaondoka kwa salama, wakawasili Rabai mwezi wa Februari 1886. Watu hao hawakuwa wa dini yake wala wa lugha yake, na hawakuwa na faida tena kwake. Katika mambo yote yaliyoandikwa kuhusu Mumia, hili lapasa kutangulizwa, ijapokuwa vitabu vingi hulipita kwa mstari mmoja. Hata mifupa ya askofu yule ilifika Kwa Mumia baadaye, ikakaa huko mpaka mwaka 1892 ilipopelekwa Namirembe kuzikwa.

Wageni hawakuwa wote wa heshima. Mnamo Novemba 1889 ulifika msafara wa Kampuni ya Kiingereza, mkuu wake Frederick Jackson. Alipiga kambi Kwa Mumia, kisha akaenda pande za Elgon kutafuta pembe, akaacha mji huo uwe mahali pa kupokelea barua zake. Mwanzoni mwa 1890 akatokea Mjerumani, Carl Peters, mtu mkali ambaye alikuwa amepita nchi nyingi kwa bunduki. Yeye naye alipata mapokezi Elureko. Akazikuta barua za Jackson zilizotoka Buganda, akazifungua, akazisoma, akajua kuwa Mwanga anaomba msaada, akaondoka haraka kwenda kufanya mkataba na Mwanga kabla ya Mwingereza kujua. Jackson aliporudi mwezi wa Machi aliyakuta yamekwisha kupita. Mkataba wa Peters haukumfaa kitu, kwa kuwa tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilipatana huko Ulaya, na Buganda ikawekwa katika fungu la Waingereza. Lakini tazama jinsi mataifa mawili makubwa yalivyogombania ufalme katika nyumba ya mtu wa tatu, mmoja akiiba siri za mwenziwe chini ya dari ya mwenyeji, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza mwenyeji ana rai gani.

Haifai kumsifu Mumia kwa kuificha sehemu ya pili ya habari zake. Ukarimu wake ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa na hesabu pia. Wafanyabiashara walileta bunduki, na bunduki zilimfanya Nabongo kuwa na nguvu juu ya majirani waliokuwa na mikuki. Wakati mwingine watu wa misafara walipigana upande wake, na waliopigwa walipoteza ng'ombe na mashamba. Biashara nayo haikuwa ya pembe peke yake. Watu pia waliuzwa, waliotekwa katika vita hivyo. Wazee wa Kibukusu na wa Ugenya hawalisimulii jina la Kwa Mumia kwa utamu walioukuta wageni wa pwani, nao wana haki yao. Mlango mmoja waweza kuwa faraja kwa atokaye mbali na hofu kwa jirani wa karibu.

Pamoja na hayo, ndani ya ua ule palikuwa pakikua jambo jingine polepole. Wafanyabiashara na wapagazi Waislamu waliokaa miezi na miaka walioa katika nchi, wakapata shemeji na wakwe, wakajenga mtaa wao. Watoto wakazaliwa wenye baba wa pwani na mama wa Wanga. Adhana ikasikika kando ya Nzoia, na Kiswahili kikawa lugha ya barazani. Wawanga waliwaona wageni wao wakitawadha, wakifunga Ramadhani, wakizika maiti zao kwa utaratibu, na taratibu baadhi yao wakaanza kuuliza. Watu wengi wa nyumba ya kifalme walisilimu, na kutoka kwao dini ikashika mizizi katika nchi. Hakukuwa na muhubiri mkubwa aliyetumwa wala chama kilichotoa fedha. Walikuwa hamali, wachuuzi na waalimu wa chuo wasioandikwa majina yao katika kitabu chochote, waliofundisha herufi kwa watoto wa wenyeji wao kama malipo ya ugali waliokula. Mapadri wa Mill Hill walipokuja kufungua misheni Mumias mwaka 1904 walizikuta sala tano zimekwisha kuzoeleka mjini. Nao pia walipata mahali pa kukaa, kwa maana Nabongo hakuwa mtu wa kumfungia mgeni mlango kwa sababu ya dini yake.

Mgeni mkubwa kuliko wote ni yule aliyekuja asiondoke. Mwaka 1894 Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya Uganda. Mwaka huo huo Frederick Spire aliwekwa Kwa Mumia awe mtu wa Serikali, na mwaka 1895 akaja Charles Hobley. Hawakuja na nyumba yao. Walikaa kwa Nabongo, wakala chakula cha nchi yake, wakatumia watu wake kuwa matarishi, wapagazi na askari. Mumia aliona kuwa hawa nao ni kama wafanyabiashara wa pwani, ila bunduki zao ni nzuri zaidi. Mwaka huo wa 1895, baada ya Wabukusu kuwaua askari wa Kisudani waliotumwa kuwanyang'anya bunduki, Hobley alikwenda kuwapiga kwenye ngome za Lumboka na Chetambe, na pamoja na askari wake walikuwamo Waganda, Wamasai na watu wa Mumia. Wabukusu walivunjwa vibaya sana, wanaume kwa wanawake. Kidonda hicho hakikupona kwa kizazi kimoja.

Kwa muda ilionekana kama hesabu ya Nabongo imetimia. Barabara ya magari ya ng'ombe iliyochimbwa na Kapteni Sclater kutoka Kibwezi ilielekezwa Kwa Mumia. Mwaka 1897, askari Wanubi walipoasi kwa ajili ya mishahara midogo na safari zisizokwisha, walipita mjini mwake wakiandamana kwenda ngome ya Luba, na mji ukabaki mikononi mwa Serikali. Ndugu zake waliwekwa kuwa machifu wa nchi za mbali: Kadima kwa Wasamia, Mulama kwa Wamarama, Murunga kwa Wabukusu. Mwaka 1909 Mumia mwenyewe akatangazwa kuwa Chifu Mkuu wa Kavirondo ya Kaskazini. Hakuna Nabongo aliyetangulia aliyepata kutawala nchi kubwa kiasi hicho. Ila ufalme huo haukuwa wake tena. Amri zilitoka kwa mgeni, kodi ilikwenda kwa mgeni, na wale waliolazimishwa kutii machifu wa Kiwanga walimlaumu Mumia kwa makosa ambayo mengine yalikuwa ya Bwana Shauri.

Hapo ndipo yafaa kukumbuka habari ya Wanga nyumbani kwa Muhelia.

Mambo mawili yaliyotokea mbali na Elureko ndiyo yaliyobadili maisha yake. La kwanza ni reli. Tarehe 20 Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, mahali paitwapo Kisumu, na mara moja misafara ikakoma. Safari iliyochukua miezi ikawa ya siku chache, nayo ilipita kusini, haikugusa mji wa Mumia. Wafanyabiashara waliokuwa wamezoea kulala kwake wakaanza kulala katika mabehewa. Waswahili wa Mumias wengi walibaki kwa kuwa walikuwa na wake na mashamba, lakini vijana wao walitawanyika kutafuta biashara, wengine Kisumu, wengine magharibi kuelekea Busia, Tororo na Mbale, wakichukua ngozi, chumvi na nguo, na pamoja na bidhaa hizo wakichukua dini yao. Huko walikutana na Waislamu waliotoka Buganda, ambao walianza kuenea katika Bukedi tangu Semei Kakungulu alipopeleka majeshi na mawakili wake huko kuanzia 1899. Kakungulu hakuwa Mwislamu, lakini miongoni mwa watu walioifuata njia aliyoifungua walikuwamo Waislamu. Basi katika Tororo na Busia mito miwili ikaungana: waliosoma kwa waalimu wa Buganda na waliosoma kwa waalimu wa Mumias, wakaswali katika safu moja, ijapokuwa wakati mwingine walibishana juu ya mambo madogo, kama Waislamu wa kila mahali.

La pili ni mpaka. Mpaka mwaka 1902 nchi ya Mumia ilikuwa sehemu ya Jimbo la Mashariki la Himaya ya Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902, kwa amri iliyotiwa sahihi mbali sana na Nzoia, jimbo hilo lilitolewa Uganda likatiwa katika Himaya ya Afrika ya Mashariki, ambayo baadaye ikawa Kenya. Mpaka mpya ulishika mito, Sio upande wa kusini, Malaba na Lwakhakha upande wa kaskazini. Wasamia wakajikuta wengine huku na wengine kule. Wateso vivyo hivyo. Njia ya zamani ya misafara iliyotoka Kwa Mumia kwenda Busoga ikakatwa, na pale ilipokatwa ukaota mji wa Busia, mji mmoja wenye serikali mbili. Hapo ndipo maana ya ugeni ilipobadilika. Mtu aliyekuwa akivuka mto kwenda kwa mjomba wake aliambiwa kuwa sasa anakwenda nchi za nje. Yeye mwenyewe hakuliona hilo. Alibisha hodi, akakaribishwa, akala, akalala. Walioliona ni watoza ushuru.

Ni ajabu kwamba mtu ambaye nyumba yake ilikuwa mlango wa Uganda kwa miaka ishirini alijikuta, bila ya kuhama hatua moja, hayumo Uganda. Wageni wake wa zamani walimchorea mstari nyuma ya nyumba yake.

Mwaka 1920 makao ya wilaya yaliondolewa Mumias yakapelekwa Kakamega. Waliosafiri kwa shughuli za Serikali hawakuwa na haja tena ya kupita kwa Nabongo. Mwaka 1926 Mumia alistaafu katika kazi ya Chifu Mkuu, akiwa mzee wa miaka zaidi ya sabini, na cheo hicho hakikupewa mtu mwingine kwa nguvu ile ile. Katika miaka ya 1930 ndugu zake waliokuwa machifu wa makabila mengine waliondoka madarakani mmoja baada ya mmoja, kwa kuwa watu walitaka kutawaliwa na wa kwao. Yeye akabaki Elureko akilipwa malipo ya uzeeni, akiwapokea waliokuja kumwamkia: wazee wa koo, watoto wa Waswahili waliozaliwa mjini mwake, na mara kwa mara Mzungu aliyetaka kumwona mtu aliyewahi kumwona Thomson.

Yasemwayo dhidi yake ni mawili, na yote mawili yana ukweli ndani yake. Wa kwanza husema kuwa aliiuza nchi kwa kuwakaribisha wageni wenye nguvu. Wa pili husema kuwa aliwatumia wageni kuwatesa majirani. Lakini ni vigumu kuonyesha ni mlango gani angeufunga. Waliomfungia mgeni mlango, kama Wanandi na Wabukusu, walipigwa wakatawaliwa. Naye aliyeufungua alitawaliwa pia, ila watu wake hawakuchinjwa. Na miongoni mwa wale aliowaingiza walikuwamo watu wa kila namna: walanguzi na wachaji, mwizi wa barua na kasisi mfiwa, bwana wa Serikali na mwalimu wa chuo mwenye kanzu moja. Mwenyeji hawezi kuwachuja wageni wake kama unga. Kosa la Mumia, ikiwa ni kosa, lilikuwa ni kudhani kuwa mgeni aliyekula chumvi yake atailinda haki yake, jambo ambalo kwa watu wa desturi yake na kwa Waislamu vilevile lilikuwa halina haja ya kuandikwa. Dola hazina tumbo, wala hazikumbuki chumvi.

Nabongo Mumia alifariki tarehe 24 Aprili 1949, umri wake ukikaribia miaka mia. Wakati huo reli nyingine ilikuwa imekwisha kujengwa kupitia Eldoret, Malaba na Tororo, nayo ilikuwa imefika Kampala tangu 1931. Kiti cha Nabongo hakikuachwa kitupu, ila kilibaki kiti cha heshima na si cha amri. Jina lake lilikuja kujulikana hata kwa watoto wadogo pale kiwanda cha sukari cha Mumias kilipoanza kazi mwaka 1973, kwa kuwa liliandikwa juu ya kila pakiti iliyouzwa madukani.

Ama jamii ya Waislamu iliyoanza katika ua wake ilibaki, na misikiti ya Mumias ikawa na wazee wenye kutaja nasaba za pande mbili, babu wa Pangani au Mombasa na bibi wa Wanga. Wengi wa wazao wao walio Busia na Tororo huvuka mpaka siku ya Idi kwenda kula kwa jamaa zao wa upande wa pili.